Vueni Bangili

Kasha lilizaliwa asubuhi, mvua ikiwa haijapumua tangu juzi, na kama ilivyo desturi yake lilizaliwa tupu.

Sekela Mwambungu, mhandisi wa data wa Kituo cha Bwawa la Nambwe, aliketi mbele ya kioo akiutazama mstari wa kijani uliokuwa ukijivuta kutoka kushoto kwenda kulia. Pale kituoni hakuna kitu alichokichukia kama mstari ule. Ulionyesha data inayopakuliwa kutoka Ghala Kuu, na leo ulikuwa ukitambaa kana kwamba umevunjwa miguu.

"Umefika wapi?" aliuliza Nolasco Haule, mkurugenzi wa kituo. Alisimama nyuma ya kiti chake, mikono ameifunga mgongoni.

"Asilimia kumi na moja, mkuu."

"Na maji?"

"Yamebakiza mita moja na kidogo kufika ukingo wa ukuta."

Haule alikwenda dirishani. Chini yake bwawa lilikuwa limetanda hadi lilipogusana na mawingu, jekundu, limebeba magogo na mapaa ya nyumba za watu wa juu mtoni. Upande wa pili wa ukuta mifereji miwili ilishuka ikiachana. Wa kulia ulielekea Mkonde, mji wa kiwanda cha sukari. Wa kushoto ulielekea mbuga ya Lupunga, ambako wakulima wa mpunga walihamahama na vibanda vyao vya matete wakiyafuata maji ya msimu.

Chumba kile hakikuwa na usukani wa kufungulia malango. Kulikuwa na matundu manne tu ukutani, mahali skrubu zilipokuwa zimeushika usukani wa zamani. Enzi za usukani ule, mlinzi mmoja alipigiwa simu na mtu mzito, akafungua upande ambao mtu mzito hakuwa na mashamba, na watu wakazikwa kwa wiki nzima. Ndipo sheria ikatoka: mkono wa mtu usiguse malango tena. Hufunguliwa na hesabu peke yake, na hesabu hupigwa ndani ya Kasha, programu iliyofungwa kwa muhuri, ambayo huzaliwa upya kila unapotakiwa uamuzi na haikumbuki chochote cha jana, ili asiwepo mtu aliyeichezea jana. Kasha likizaliwa huvuta lenyewe data ya mto, ya mvua na ya kila binadamu aliye chini ya bwawa, hufungua daftari lake na kupiga hesabu maji yaelekezwe wapi ili wafe wachache, hufungua malango, kisha hujifuta.

Ulikuwa mpango safi. Ubaya wake ni kwamba Kasha lilihitajika wakati wa mvua kubwa tu, na mvua kubwa ndiyo iliyoilemea minara iliyoleta data.

Sekela ndiye aliyekuwa ameupunguza ubaya huo. Alipoajiriwa, Kasha lilikuwa likingoja data yote ifike ndipo lifungue daftari, na kungoja huko kuliwahi kuchukua siku nzima. Yeye aliyakagua majedwali ya Ghala moja moja, akayagawa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la majedwali ambayo hesabu haiwezi kuanza bila hayo. La pili aliliita "baadaye": hayo yangeendelea kuingia polepole huku kazi ikiendelea. Siku ya majaribio Kasha lilianza kabla chai haijapoa. Waziri alimshika mkono mbele ya kamera, na Haule akaitundika picha ile ukumbini.

Leo hata fungu la kwanza lilikuwa limekwama. Data ya Mkonde ilikuwa imeshafika, kwa sababu ilikuwa nyepesi: watu wa mjini walijulikana kwa nyumba zao, na nyumba haitembei. Mzigo wote ulikuwa Lupunga. Kule, kwa kuwa watu hawakuwa na anwani, serikali ilimvisha kila mmoja bangili, mzee kwa mtoto mchanga, na kila bangili ilibeba nyayo za mwezi mzima ili Kasha lijue mtu huyu hulala wapi. Watu elfu kumi na nane. Nyayo zao zote zilipaswa kupita kwenye mnara mmoja uliolowa.

"Kwa mwendo huu tutamaliza lini?" Haule aliuliza akiwa bado amempa mgongo.

"Jioni."

"Na alama nyekundu?"

"Maji yataifikia mchana."

Maji yakifika alama nyekundu kabla data haijakamilika, malango yangebaki yamefungwa na ukuta ungejitetea wenyewe. Wote wawili walilijua hilo.

"Basi tulianzishe sasa hivi na data ya Mkonde," alisema Haule.

"Na Lupunga, mkuu?"

"Lupunga itasomeka sifuri mpaka data yao ifike."

"Kasha likisoma sifuri litapeleka maji yote kwao."

"Najua litafanya nini, Sekela."

Alilisema kwa sauti ya chini, bila ukali, kama mtu anayekumbusha kufunga dirisha. Sekela aligeuza kiti akamtazama. Haule alikuwa na umri wa baba yake, na siku zote alimwona kama mtu asiye na baya. Hata sasa uso wake haukuwa mbaya. Ulikuwa umechoka tu.

Kabla hajamjibu, redio ikakoroma.

"Kituo, huku Lupunga. Mnanisikia?"

Ilikuwa sauti ya Bi. Filotea Likwelile, mwenyekiti wa mbuga, mwanamke ambaye Sekela hakuwahi kumwona lakini walisalimiana redioni kila Jumatatu alipotoa taarifa ya kina cha maji.

"Tunakusikia, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huku maji ya mvua yamejaza majaruba ya juu, watu wamekusanyika chini ya mnara. Wanauliza mtafungulia upande gani. Niwajibu nini?"

"Kasha bado linavuta data, mama."

"Data ya nani?"

Sekela alitazama mstari. Asilimia kumi na mbili.

"Yenu," alisema.

Nyuma ya Bi. Filotea walisikika mbuzi, na mtu aliyekuwa akigombeza watoto watoke kwenye maji.

"Kwa hiyo tunawachelewesha," alisema.

Hapo ndipo wazo lilipomjia Sekela. Lilimjia lote kwa mkupuo, safi na rahisi, kama yalivyomjia mengine yote yaliyompatia sifa. Alizima kipaza sauti akamgeukia Haule.

"Nipe nafasi, mkuu. Nitaipunguza ile data."

"Muhuri hauruhusu kuligusa Kasha."

"Siligusi Kasha. Naigusa Lupunga."

Bangili ikivuliwa mkononi hulala, na bangili iliyolala Kasha huiondoa kwenye foleni yake ya kupakua. Kila kaya ikibaki na bangili moja, mzigo ungeshuka mara tano au sita, na mstari ungemalizika kabla ya mchana. Watu hawangepotea, kwa sababu Ghala lilikuwa na jedwali lililosema mkuu wa kaya fulani ana watu wangapi nyuma yake. Haule alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Hakuuliza swali lolote, na baadaye Sekela alikaa siku nyingi akijiuliza kwa nini.

Akawasha kipaza sauti.

"Mama, nisikilize vizuri. Kila kaya ibaki na bangili moja tu, ya mkuu wa kaya. Wengine wote wavue."

"Wavue?"

"Ndiyo. Sasa hivi."

"Mwanangu, ninyi ndio mlitufundisha kwamba asiyevaa hahesabiwi. Mmetuletea na watu wa ngoma kutuimbia hivyo. Kuna akina mama huku wanaoga nazo."

"Mkuu wa kaya anabeba kaya yake yote. Imeandikwa Ghalani."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mama."

"Haya," alisema Bi. Filotea. Kisha wakasikia akiinua sauti, si kwao tena: "Vueni bangili. Sikilizeni huku. Vueni."

*

Haikuwa kazi nyepesi. Kipaza sauti kilizimwa lakini redio iliachwa wazi, na Sekela aliusikia mzozo wote: wanaume wakiuliza nani kasema, bibi mmoja akilia kwamba ameivaa tangu binti yake azaliwe, Bi. Filotea akirudia maneno yale yale mpaka sauti ikamkauka. "Ni huyu binti wa kituoni, namjua. Huyu hawezi kutudanganya." Kwenye kioo bangili hai zilianza kuzimika, kwanza moja moja, kisha kwa makundi, kama taa za mtaa umeme unapokatwa. Mstari wa kijani ukashtuka. Asilimia thelathini. Hamsini na tano. Sekela alijikuta amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimfikiria mama yake, aliyekuwa Mkonde, nyuma ya kiwanda, pengine akitandika ndoo chini ya paa linalovuja, na akajiruhusu kuamini kwamba wote watapona, huku na kule.

Mstari ukagusa mwisho. Maandishi yakatokea: DATA IMEKAMILIKA. Muhuri ukajifunga kwa mlio mdogo, daftari likafunguka, na hesabu ikaanza kushuka kwenye kioo mstari kwa mstari.

"Kazi nzuri," alisema Haule.

Sekela alikuwa akisoma. Mkonde: watu elfu tisa mia mbili. Lupunga: watu elfu tatu mia moja na nne.

Alisoma tena, akidhani macho yamemdanganya.

Elfu tatu mia moja na nne ilikuwa idadi ya kaya, kuongeza wachache tu waliokuwa hawajavua.

Jedwali la kaya, lile lililosema nani ana watu wangapi nyuma yake, halikuwa kwenye fungu la kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa. Alilitoa kwa sababu nzuri kabisa: kama kila mtu amevaa bangili yake, kuna haja gani ya kungoja jedwali linalorudia jambo lile lile? Aliliweka "baadaye", na Kasha lilikuwa halilingoji.

"Mkuu, limehesabu kila kaya kama mtu mmoja."

Haule alisogea akasoma naye.

"Lingekuwa na idadi kamili lingefanyaje?"

"Lingegawa. Mkonde maji yangewafika kiunoni, na Lupunga hivyo hivyo. Nyumba zingeharibika pande zote mbili, watu wangepanda mapaa, wangepanda mnara. Wangekufa wachache."

"Na sasa?"

Sekela alimwonyesha kwenye kioo. Daftari lilikuwa limeshaandika: lango la kushoto, wazi lote. Lango la kulia, limefungwa.

Sheria iliacha tundu moja. Kabla ya malango kutii, Kasha lilijikagua kwa dakika chache, na ndani ya dakika hizo kitufe kimoja mezani kiliwaka taa ya njano. Kiliitwa Vunja Muhuri. Ukikibonyeza, Kasha linakufa na hesabu yake.

Kidole cha Sekela kilikuwa kimeshakigusa.

"Unajua kitakachofuata," alisema Haule. "Likifa, lingine linazaliwa tupu. Mstari unaanza sifuri. Utawaambia wavae tena, na mzigo utarudi ule ule wa asubuhi. Maji yatapita alama nyekundu na malango yamefungwa. Ukuta ukivumilia, utakuwa umewaokoa Lupunga. Usipovumilia, wataondoka Lupunga na Mkonde kwa pamoja."

"Utavumilia?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Nifanye nini, mkuu?"

"Kitufe ni cha zamu yako. Mimi sitakuzuia, wala sitakuagiza."

Akarudi dirishani akampa mgongo. Sekela alimwangalia akielewa kwamba mtu huyu hakuwa akimwachia uhuru. Alikuwa akijiosha mikono mapema.

Ilimjia kwamba angeweza kubonyeza. Kidole kilikuwa pale. Alijaribu kumfikiria Bi. Filotea na akagundua kwamba hana sura yake, ana sauti tu. Sura iliyomjia ilikuwa ya mama yake, akiwa ameinama, akisogeza ndoo kwa mguu. Alijaribu kuiondoa ili afikirie kwa haki, kama Kasha linavyofikiria. Haikuondoka.

Redio ikakoroma.

"Mwanangu, tumemaliza. Wamevua. Wachache wamekataa, lakini karibu wote wamevua. Limeshaanza?"

"Limeanza, mama."

"Mungu akubariki. Sasa tufanye nini?"

Taa ya njano ilikuwa bado inawaka.

"Pandeni juu," alisema Sekela.

"Juu ya nini, mwanangu? Huku hakuna juu."

"Mnara. Pandeni mnara."

"Mnara unabeba watu kumi. Unaniambia nini?"

Sekela alifungua mdomo. Taa ya njano ikazimika. Chini ya miguu yao sakafu ilitetemeka lango la kushoto lilipoanza kuinuka, na mngurumo ukapanda kupitia ukuta, viti na meno ya watu waliokuwa mle ndani.

Maji yalihitaji muda kidogo kufika mbugani, na redio ilibaki wazi muda wote huo. Haule ndiye aliyenyoosha mkono mwishowe akaizima.

Mvua haikuwa imekatika jedwali la kaya lilipofika. Liliingia lote kwa utulivu, likajipanga mahali pake, na tarakimu ya Lupunga ikajirekebisha yenyewe kwenye daftari: elfu kumi na nane na ushee. Kasha likaithibitisha. Kisha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha, likajifuta.

*

Tume ya kuchunguza mafuriko iliketi Mkonde, katika ukumbi wa kiwanda cha sukari, ambao haukuwa umeingiwa hata na tone la maji. Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti wao, jaji mstaafu aliyeitwa Mheshimiwa Kibasa, alikuwa mtu mpole aliyewaomba mashahidi wanywe maji kabla ya kuanza.

Mhandisi wa ukuta alitangulia. Alieleza kwamba wameupima ukuta wote kwa vyombo na hawakukuta ufa. Kwa maoni yake ungeweza kustahimili mpaka kesho yake asubuhi, pengine na zaidi. Alilisema kwa fahari kidogo, kwa kuwa ukuta ulijengwa na mwalimu wake. Sekela aliyekuwa ameketi mstari wa pili alishika ukingo wa kiti.

Haule akafuata. Alisema hakuna mkono wa mtu ulioligusa Kasha, muhuri haukuvunjwa, na uamuzi ulikuwa wa hesabu peke yake kama sheria inavyotaka. Alimsifu mhandisi wa data, ambaye kwa ubunifu wake Kasha lilikamilika kabla ya alama nyekundu. Bila yeye, alisema, leo tungekuwa tunauzungumzia na mji huu.

Kisha akaitwa Bi. Filotea. Sekela alimwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa bandeji, kwa kuwa alikuwa ameshikilia vyuma vya mnara mpaka mashua za uokoaji zilipofika. Alizungumza bila kulia. Alisema watu wake walipouliza, hakuna ofisi iliyowajibu isipokuwa binti mmoja wa kituoni. "Huyo ndiye pekee aliyehangaika na sisi. Alituambia la kufanya, tukalifanya. Kama tulichelewa, tulichelewa sisi. Yeye msimlaumu."

Wajumbe waliandika. Mmoja alijifuta macho.

Zamu ya Sekela haikuwa ndefu.

"Mhandisi," alisema Mheshimiwa Kibasa, "tunachotaka kujua ni kimoja. Kasha lilipotoa uamuzi, data ya Lupunga ilikuwa imefika?"

"Ilikuwa imefika, mheshimiwa."

"Yote?"

Haule alikuwa akitazama kucha zake.

"Yote iliyohitajika ili kuanza," alisema Sekela.

"Yote, basi," alisema mzee, na kumgeukia karani. "Andika: yote."

Sekela alisubiri aulizwe swali la pili. Mzee alikuwa ameshaanza kumshukuru.

*

Bi. Filotea alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la varanda, akingoja gari la kumrudisha kambini. Alipomwona Sekela akitoka alijisogeza kumwachia nafasi.

"Ndiwe huyo," alisema. "Nilidhani wewe ni mrefu."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Kaa."

Sekela akakaa. Uani wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakipakia magunia ya sukari, wakitaniana.

"Nataka kukuuliza jambo," alisema Bi. Filotea, "na unijibu kama ulivyokuwa unanijibu redioni. Mimi usiku silali nalo. Nilipowaambia wavue, walinibishia, na mimi nikaanza kubembeleza. Bibi huyu nimbembeleze, mzee yule nimweleze. Nilipoteza muda. Ningewafokea tangu mwanzo, wangevua upesi, mngewahi. Si ndivyo?"

Ingekuwa rahisi kumwambia sivyo, akaishia hapo. Sekela aliyageuza maneno mdomoni na yote aliyoyapata yalikuwa laini, na kila moja lilikuwa uongo.

"Hukuchelewa, mama. Uliwahi."

"Sasa?"

"Mlifanya sawasawa nilivyowaambia. Kosa ni hilo nililowaambia." Akamweleza. Alimweleza jedwali, na fungu la baadaye, na nani aliliweka huko. Hakutumia maneno makubwa. Alisema: aliyevua hakuhesabiwa. Alisema: kila nyumba ilionekana ina mtu mmoja. Alisema pia habari ya kitufe, na kwamba kidole chake kilikuwa juu yake, na mama yake yuko Mkonde.

Bi. Filotea alisikiliza huku akiitazama bandeji ya mkono wa kushoto. Gari la kambini liliingia uani, dereva akapiga honi, naye hakugeuka.

"Waliokataa kuvua," alisema mwishowe. "Hao walihesabiwa?"

"Walihesabiwa."

"Mume wangu alikataa. Mzee Eginadi. Alisema akivua ile atakuwa hayupo. Tuligombana mbele ya watu, mimi mwenyekiti, nikaona ananiaibisha. Nikamshika mkono nikaivua mwenyewe. Na za watoto nikazivua, na za wajukuu. Tulikuwa kumi na mmoja. Nikabaki nayo mimi, kwa kuwa kwenye maandishi yenu mkuu wa kaya ni mimi."

Sekela naye aliitazama bandeji ile.

"Kwa hiyo kwangu mlihesabu mtu mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Na amebaki mtu mmoja." Bi. Filotea aliinuka kwa shida, kwa sababu hakuweza kujishikiza kwa viganja. Sekela alinyoosha mkono amsaidie, na mama yule akauangalia mkono ule mpaka ukarudi. "Basi hesabu yenu imetoka sawa," alisema, akashuka ngazi kuelekea kwenye gari.